Kisahani cha Nati

Shikamoo Baba,

Hapa Mwanza mvua imenyesha tangu asubuhi, mawe yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Leo darasani tulifungua injini ya boti ambayo haipo: unavaa miwani, picha yake inatokea mezani, unalegeza nati kwa vidole vitupu. Nati ilipoachia, nikasogeza kisahani cha chai kilichokuwa kando yangu niidake isipotee, kama ulivyotuzoesha tukifungua injini pale uani. Wenzangu walicheka mpaka mwalimu akavua miwani. Nikacheka nao, ila sikio langu lilikuwa bado linasubiri mlio wa nati ikigonga kisahani.

Ile injini mbovu unayotaka kuwauzia watu wa vyuma chakavu, niwekee. Nikirudi Musoma tutaifungua sote. Mwambie Mama asifiche visahani.

Mwanao,
Nyangeta