Injinia Ameshindwa Kuwasha Jiko Lako

Dada Atieno,

Amka kidogo ucheke. Injinia Oloo, yule mliyesoma naye chuo, ameaibika ufuoni Dunga mbele ya watu. Na mimi mdogo wako Omondi, niliyeachia shule darasa la saba, nilikuwa mstari wa mbele nikila samaki, ngege wa kukaanga.

Hukusikia, kwa hivyo nikuambie. Siku tunakuzika alishika maiki akasema lile jiko la haidrojeni ni lake, wewe ulimsaidia tu. Ulimsaidia! Mtu hajawahi kubeba hata gololi moja ya kusagia. Kesho yake akaja nyumbani Otonglo kuchukua pipa lako la kusagia, na daftari. Nikamzuia mlangoni. Akasema, "Kijana, hii ni sayansi. Kaa na boda yako."

Sawa. Nikakaa, akabeba vyote.

Alisaga magnesiamu vile uliandika, na gololi za chuma na nikeli kidogo, mpaka ikawa unga laini wa kunywa haidrojeni. Lakini kuna kitu hukuandika, hicho ulinifundisha kwa kunigonga vidole: "Omondi, usifungue pipa kwa hewa! Unga ukionja hewa unaota ngozi, hautakunywa kitu tena. Siku mbaya utawaka." Ndiyo maana sisi tuliufungulia ndani ya lile sanduku la kioo lenye gesi ya argoni, ile ya wachomeleaji wa aluminiamu, mikono ndani ya glavu, jasho mpaka kwa macho. Ulikuwa unaniimbia nisichoke. Unaimba vibaya, Dada. Ulikuwa.

Injinia aliufungua peupe, akauchota na kijiko kama wa uji. Akaniuliza kama amesahau kitu. Nikamwambia mimi ni mtu wa boda. Najua wewe ungemwambia. Mimi nilisimama tu karibu na ndoo ya mchanga, asije akaungua nikakosa kumwona akiaibika.

Siku ya kuwaonyesha wageni jiko pale Dunga, akapasha mtungi wenye ule unga kwa makaa ili haidrojeni itoke. Akangoja. Jiko halikuwaka. Mama mmoja muuza samaki akapiga kelele, "Injinia, hata huyu mbuta amechoka kungoja karai!" Dunga yote ikaanguka kicheko.

Ndipo nikaleta mtungi wangu mimi, unga niliousaga kwa pipa nililounda na mikono yangu. Kwa lile jua moto wa haidrojeni haukuonekana, lakini mafuta yalianza kulia kwa karai. Nikasema kwa sauti: jiko hili ni la Atieno.

Jana amekuja kwangu mpole kama kondoo, anataka siri. Nikamwambia aende kwanza kwa Mama, aseme nani alilitengeneza jiko. Ameenda, amesema. Nimemrudisha, nimemwambia Mama hakusikia vizuri.

Mama anasikia vizuri kabisa.

Pumzika, Dada yangu. Naahidi ataenda na kurudi kwa ule mlango mpaka jina lako limtoke mdomoni bila kuulizwa. Na siri hapati.

Ndugu yako,
Omondi