Haluwa ya Baba

Kaka yangu Luan,

Nakusalimu sana, wewe na wifi na watoto, nikitumaini baridi ya Bari, huko Italia, haijakurudishia kile kikohozi. Sisi huku wazima. Mama magoti yanamsumbua, lakini mdomo hauna ugonjwa: bado anasema kahawa yangu ni maji ya kuoshea vikombe.

Barua yako imefika. Unasema jiwe la kaburi la baba limeshachongwa na utalileta Agosti. Kabla hujalipakia, kuna jambo nimekuwa nikiliogopa kukueleza.

Nilikuandikia kwamba watu wa filamu kutoka Tirana walikuja hapa kwetu. Filamu ya kuchekesha, kuhusu mtoto wa skafu nyekundu anayekua enzi za Chama cha Kikomunisti. Walitafuta wazee wa kusimama kwenye foleni ya maziwa, na mama akataka kwenda. Nilimkataza. Akasema kwenye foleni ile alisimama bure nusu ya maisha yake, leo ndiyo kwanza atalipwa. Mimi nikaenda zangu kiwandani.

Jioni alirudi ametulia mno. Akasema mtu wa Usalama amemwambia baba alizikwa wapi: chini ya mipopla, ile miti mirefu karibu na daraja. Unajua tulivyogonga milango ya ofisi zao, tukaambiwa hakuna kumbukumbu. Nikadhani ni mmoja wa wale wazee wao, dhamiri imemsuta mwishowe. Sikumhoji. Nilitaka iwe kweli.

Tulichimba, mimi na mume wangu, tukakuta mawe na mizizi. Mama akasema mto umehamahama, inatosha. Aliwasha sigara akaichomeka udongoni kwa ajili ya baba, kisha akarudi nyumbani kukoroga haluwa ya msiba. Wewe unajua alivyokataa kuipika tangu Usalama walipomchukua baba, akisema hapiki haluwa ya mtu asiye na kaburi. Majirani wakaja kutupa pole, na Nazmije wa mlango wa pili akalia kuliko sisi wenyewe. Nilikula haluwa ile, kaka, na usiku huo nililala kama mtoto. Ndipo nikakuandikia kwamba tumempata.

Jumamosi iliyopita filamu ikaonyeshwa hapa mjini. Ukumbi ulijaa. Kwenye foleni, mzee mmoja ananong'ona kwamba ng'ombe wa Chama hukamuliwa kwa kalamu, maziwa yakajaa kwenye ripoti tu. Ni utani wa baba, uleule uliomfungisha. Nadhani watu wa filamu waliuokota mkahawani. Watu wakaangua kicheko. Mara anatokea kijana mwenye koti la ngozi, wa Usalama, na mama yetu anachomoka kwenye foleni, anamshika mkono.

"Mwanangu, mume wangu mlimzika wapi?"

Kijana anababaika kidogo, kisha anakaza sauti. "Chini ya mipopla, bibi, karibu na daraja. Haya, rudi kwenye foleni."

Mama anarudi kwenye foleni. Ukumbi mzima ulicheka hadi watu wakafuta machozi. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Njiani kurudi nyumbani nilimshika mama mkono nikaanza kumweleza taratibu kwamba yule si mtu wa Usalama, ni mwigizaji tu. Akanikatiza.

"Nilijua, Flutura. Sijarukwa na akili. Wale wenyewe niliwauliza mpaka wakafa wote, hakuna aliyenijibu. Huyu amenijibu."

Basi ndivyo ilivyo, kaka. Baba hayupo pale, na alipo hatutapajua kamwe. Nisamehe kwa kukupa furaha isiyokuwepo. Filamu itafika na huko; wenzako wa kazini wakimcheka yule bibi, usiwaambie ni nani.

Nilikaa kukuandikia kwamba usilete jiwe. Mama yuko hapa mezani, ameniuliza ninaandika nini, nami nikamwambia. Anasema ulilete. Anasema pia chini ya jina la baba uache nafasi ya jina lake, maana naye atazikwa palepale.

Wabusu watoto, na wifi mpe salamu zangu zote.

Dada yako,
Flutura