Matoleo Mawili, Seva Moja

Shangazi mpendwa,

Hili sijamwambia mtu, hata mama: ile seva ya miadi ya zahanati, ninayosifiwa kwa kuifufua, niliiua mimi.

Sisi wazima. Ofisini nimepewa kiti changu, kinalia kila nikipumua.

Jumanne nilitaka ripoti zichapike vizuri, nikaweka toleo jipya la maktaba moja, yaani msimbo wa watu wengine ambao programu yetu huutegemea. Ripoti zikapendeza. Lakini sehemu ya miadi ilizoea toleo la zamani, ikagoma, na seva nzima ikazimika. Simu za zahanati zikaanza kulia. Rafiki yako, bosi, akashika kichwa: "Nani kagusa nini?" Mimi, unanijua, si mtu wa maneno.

Nikainamia kompyuta. Mafahali wawili hawakai zizi moja, basi nikawajengea mawili: miadi na toleo lake la zamani, ripoti na lake jipya. Baada ya dakika arobaini seva ikaamka.

"Kumbe bubu wetu ni fundi!" bosi akacheka. "Jumatatu utie saini mkataba, mwanangu."

Nilifurahi, shangazi, hata nikala chakula cha watu wawili. Ila siwezi kuajiriwa kwa kuzima moto niliouwasha. Jumatatu nitamwambia kabla sijashika kalamu, hata akinirudisha nyumbani. Nafanya mazoezi mbele ya kioo. Nimeshafika kwenye "samahani, bosi". Najua wewe na bosi mnapigiana simu kila Jumapili. Tafadhali, Jumapili hii ongeeni yote, ila hili niachie nilitoe kwa mdomo wangu.

Binti wa kaka yako