Fungate ya Mkono wa Birika

Ghorofa ya nne, nyumba ya Hagi Mutawalli,
Nyuma ya kituo cha tramu, Kleopatra,
Aleksandria.

11 Februari 1988

Mpendwa Dada Insaf,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako, ziwakute wewe, Shemeji Raafat na wanangu wote wawili mkiwa wazima huko Kuwait. Mgongo wako vipi? Na yule mdogo, jino limetoka au bado mnakesha naye? Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mimi mafua yamenishika kidogo, na sababu yake utaikuta humu humu, kwa hiyo usiruke kurasa kama kawaida yako.

Najua unachongoja kusikia. Siku ya harusi ulinivutia jikoni kwa mama, mikono yako bado ina unga, ukaniambia: "Rawya, huyu Helmi ni mkono wa birika. Mwangalie vizuri mkiwa fungate, uniandikie kweli tupu. Kama ni bahili usingoje mpaka uwe na mtoto. Njoo huku, kazi ya kushona ipo na mlango wangu uko wazi." Nami nikakuahidi. Wote wawili tunamkumbuka marehemu mume wa Shangazi Tafida, alivyokuwa akifungia sukari kwa kufuli na ufunguo anauvaa shingoni. Sikutaka kuzeeka vile, nikiomba sukari.

Basi nimemwangalia, Dada. Nimemwangalia mpaka macho yameuma.

Kwanza hii nyumba yenyewe. Watu huja hapa kiangazi, sisi tumekuja katikati ya dhoruba za Februari, maana ndipo mwenye nyumba anapokubali bei yoyote utakayomtajia. Jengo zima ni letu sisi, upepo na bawabu wa chini. Helmi amekuja na balbu yake kutoka Tanta, eti za nyumba za kupanga huwa hafifu. Asubuhi akitoka chumbani anaichomoa, anahamia nayo jikoni. Mimi nabaki nyuma gizani natafuta kiatu.

Chakula tulianza na bata wa mama mkwe, tukaja mayai ya mama mkwe, kisha ful, yale maharage yetu, asubuhi, na jioni, kwa kubadilisha, ful. Tulikwenda mpaka ngome ya Kaitbey. Akasoma bei ya kiingilio pale mlangoni, akanishika mkono, tukaizunguka kwa nje.

"Ukuta ni huohuo," akaniambia. "Unafikiri ndani kuna nini? Kuna upande wa pili wa ukuta."

Sikufichi, nilicheka. Na sikufichi jingine: nimefurahi sana hapa. Bahari hailipishi. Kila asubuhi tunatembea kandokando ya ukuta wa pwani hadi miguu itake kukatika, tunanunua kiazi kitamu kimoja cha moto, tunakigawana, na mawimbi yakiruka barabarani Helmi anahamia upande wa maji ili yamloweshe yeye. Tumekwenda kuangalia wavuvi wakinadi samaki kule Anfushi, tumesikiliza matusi ambayo Tanta hayajafika bado. Hata ungenipa hoteli kubwa nisingecheka zaidi.

Lakini juzi aliniumiza. Tuliingia kwenye mkahawa unaotazama bahari, tukachagua meza nzuri ya dirishani, akaagiza chai moja na bilauri mbili. Mhudumu akamtazama, akanitazama mimi na hina yangu mikononi, akasema, "Bwana harusi, na yale majani yakibaki nikufungie?" Helmi akacheka kweli kweli, akamwambia asante, afunge. Mimi sikucheka. Nilikwenda msalani nikalia, nikamwona mume wa Shangazi Tafida mbele ya macho yangu kabisa. Niliporudi nilikuwa nimeshaanza kukuandikia kichwani, na haikuwa barua hii unayoisoma.

Sasa sikia ya jana.

Asubuhi akaniambia leo hatuli ful, leo ni samaki. Tukaenda sokoni, akabishana na muuza samaki hadi yule mtu akaapa kwamba hajaona bwana harusi wa namna hii tangu azaliwe, tukapata mikizi wawili wanono. Wakachomwa kwa pumba kwenye tanuri la mkate, tukarudi nao kwenye karatasi, bado wanachuruzika. Mimi nimeshika kachumbari. Njaa niliyokuwa nayo we acha tu.

Mlangoni tukamkuta bawabu wetu, Ami Shazli. Ni mzee mjane, mtu wa kusini, sikio moja halisikii vizuri, na kwa ajili ya ule upepo alikuwa amejizungushia skafu kichwa kizima, yamebaki macho. Alikuwa anatoka kwenda kwa binti yake. Helmi akamwambia, "Karibu, Ami, tule pamoja." Wewe unajua desturi yetu, kila mwenye chakula mkononi anasema hivyo na hakuna anayekuja. Mzee akajibu, "Mle kwa afya, wanangu." Hapo ndipo panapoishia siku zote.

Helmi hakuishia hapo. Akamkaribisha tena, mzee akakataa tena. Ndipo mume wangu akapiga kifua kwa mkono uliobaki, akasema kwa sauti ya karakana: "Talaka tatu, Ami, lazima ule samaki wetu leo. Usipokula, mke wangu kaachika."

Unawajua wanaume wa Tanta. Pale karakanani kwa Helmi wanaposuka upya mota zilizoungua, kiapo cha talaka ndicho salamu yao. Wanaapa kwa talaka kwamba chai nalipa mimi, kwamba mota hii haitaungua tena, kwamba bisibisi nimeirudisha. Helmi ameapa hivyo tangu ujana wake na hajapata hasara, maana alikuwa akimwacha mke asiye naye. Jana ilikuwa mara ya kwanza kuapa akiwa na mke wa kweli, tena amesimama ubavuni kwake.

Na Ami Shazli hakusikia. Skafu masikioni, upepo unavuma, akainua mkono kutuaga akaelekea kituoni.

Helmi akabaki na samaki wake, uso umemparara. "Rawya," akasema, "nimesema nini?"

"Umeniacha," nikamwambia. "Umeniacha kwa mikizi wawili."

Hapo, Dada, nisome vizuri. Kama ulitaka mlango, mlango ndio huo, umefunguka wenyewe. Nilikuwa sina haja ya kugombana wala kumsingizia mtu. Ningekaa kimya tu, mzee aende zake kwa binti yake, na mimi jioni nipande treni ya Tanta nikafungashe nguo za kuja Kuwait. Hata sauti yako niliisikia, "Nyamaza, Rawya." Nilikuwa bado naisikia nilipojikuta barabarani, mvua inanipiga usoni, kandambili moja mguuni na nyingine sijui iko wapi hadi leo, nakimbia.

Tramu ilikuwa imeshafika. Nikarukia behewa la wanaume. Kondakta akanizuia, "Mama, la wanawake ni lile la mbele."

"Sikuja kukaa," nikamwambia. "Namtaka yule mzee mwenye skafu. Asiposhuka naachika."

Basi behewa zima likageuka. Ami Shazli akaniuliza nimepatwa na nini, ikabidi nimpigie kelele kwenye sikio lake zima, kiapo chote, na samaki wake, na kila mtu akasikia. Mwanamke mmoja akatoa kichwa dirishani kutoka lile behewa la mbele. "Mwacheni aachike," akasema, "atapata mwingine mwenye gari."

Kijana mmoja akauliza, "Samahani, ni samaki gani?"

"Mkizi."

"Basi mzee, usiposhuka wewe nashuka mimi."

Dereva anapiga kengele. Ami Shazli maskini anahangaika na skafu yake, anatikisa kichwa. "Binti yangu," akaniambia, "mumeo ni mjinga."

"Ni mjinga," nikasema, "lakini ni wangu, na wewe utakula."

Sikuwa nimelipanga neno hilo. Lilitoka, na watu wakalipigia makofi, nami nikaona haya nikataka sakafu ya tramu inimeze.

Wakati huohuo Helmi akafika, hajifai kwa kuhema, karatasi ya samaki amebeba juu ya kichwa. Hakungoja mtu ashuke. Akaifungua palepale, akamega kipande kinene cha mgongoni, akakitoa miiba kwa vidole, akamlisha Ami Shazli kama mtoto. Mzee akatafuna, behewa zima linamtazama mdomo. Alipomeza, kondakta akasema, "Ndoa imesimama." Dereva akapiga kengele tena, safari hii ya kutupongeza.

Nami nikadhani tunarudi na samaki wetu. Helmi akasema kila aliyekuwa shahidi naye lazima ale. Akapita kiti kwa kiti, anamega, anatoa miiba, anaapa kwa Mungu tu sasa, kila anayekataa anambembeleza. Kijana akapewa, kondakta akapewa, kisha Helmi akashuka akampelekea dereva mkia na yule mwanamke wa dirishani shavu, naye akala huku akisema kumbe mume mwenyewe si mbaya. Tramu ilipoondoka na Ami Shazli, sisi tulibaki na vichwa viwili na harufu. Helmi alikuwa analia na kucheka, mikono inanuka, sijawahi kumwona mzuri namna ile.

Halafu, wallahi, ile karatasi akaikunja akaitia mfukoni. Eti itafaa kuwashia jiko.

Tulikula mayai. Nikamwambia akinitia tena kinywani mwake na viapo vyake nitamshonea mdomo kwa sindano ya cherehani, akasema nina haki. Asubuhi ya leo alikwenda kumuuliza imamu wa mtaani, akarudi amesimangwa vya kutosha: mzee amekula, hakuna talaka iliyopita, ila mwenye akili hachezei kitu hicho.

Kwa hiyo jibu lako ndilo hili. Balbu yake atahama nayo hadi tuzeeke, na chai tutagawana. Lakini kufuli la sukari sitaliona kwangu, na hata nikiliona tutapigana palepale, sitapanda ndege. Usinikasirikie. Ile kazi ya kushona mpe Nagafa binti wa Shangazi Tafida, ana mkono mzuri kunishinda na hana anayemkimbilia barabarani.

Nisalimie Shemeji Raafat. Wabusu Hazim na Lamia, waambie mama mdogo amewawekea makombe ya pwani, hayakununuliwa. Mama nitampa salamu zako nikifika Tanta keshokutwa, na haya ya tramu tafadhali nimweleze mwenyewe, usinitangulie kwa simu. Mungu awalinde na joto la huko, awarudishe kiangazi mkiwa salama na mgongo wako umenyooka.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, ambaye hadi saa hii bado ni mke wa Helmi,

Rawya