Rota Ndani ya Soksi

Gatuanyaga,
24 Januari 2025

Mpendwa Mjomba Kyengo,

Sijamwambia mtu yeyote, hata Mama: Pijo ya Baba, ile pikapu, haikuharibika. Ni mimi niliyeitoa rota.

Habari za Ruiru? Natumaini kifua cha Anti Ndinda kimepoa. Sisi tuko salama, ila mimi sina amani.

Tarehe 12 tulikuwa tunatoka kanisani, mimi mbele na Baba, Mama na wenzake nyuma ya pikapu wakiimba. Karibu na duka la Gachanja, Aoko, yule mtoto wa jirani, alikuwa amechutama barabarani akifunga kiatu. Baba hakupunguza mwendo. Niliushika usukani nikauvuta, kioo cha pembeni kikapita juu ya kichwa cha mtoto. Baba akaniuliza, "Mwaitu, kwani nani ameacha gunia barabarani?" Unajua huniita hivyo, mama yangu, kwa kuwa nina jina la mama yake. Kule nyuma hawakuona kitu.

Siku hiyo hiyo nilifungua kifuniko cha distributa, kama ulivyonionyesha Desemba nilipomaliza shule, nikaichomoa rota, kile kidude cha kugawa moto wa plagi. Iko kwenye sanduku langu, ndani ya soksi ya shule. Sasa kila asubuhi Baba anapiga stata. Injini inazunguka lakini haishiki. Anasema ni unyevu. Unyevu, Mjomba, huku kwetu!

Sikukupigia simu kwa sababu chumba ni kimoja na wote wanasikia. Ujumbe nao lazima usomwe kwa sauti ili Baba ajue umesema nini. Hasemi ni macho. Anasema herufi za siku hizi ni ndogo. Ndiyo maana nimempa barua hii Nelima, anayeuza mayai huko Ruiru kila Jumamosi, ailete kikapuni.

Nifanye nini? Nikiirudisha, ataendesha.

Mpwa wako,
Mwelu

Ruiru,
1 Februari 2025

Mpwa wangu Mwelu,

Nelima alifika. Mayai mawili yalivunjika, barua ilikuwa nzima. Anti yako bado anakohoa, lakini ananigombeza vizuri, kwa hivyo anapona. Nyinyi wote hamjambo?

Wewe mwizi mdogo! Umeanza ufundi bila cheti. Sasa sikiliza. Injini ikizunguka bila kushika, fundi yeyote ataangalia moto kwenye plagi, kisha atafungua kifuniko. Dakika tano, umeshikwa. Tena Baba yako akiendelea kuisumbua stata hivyo, ataiunguza. Apige sekunde kumi, aiache ipoe. Siku itakapolia "tak" tu bila kuzungusha injini, ujue imekwenda.

Mpeleke kliniki ya macho Thika. Sema ni wewe unayeumwa na unaogopa kwenda peke yako, kisha mpimwe wote wawili. Mimi siwezi kumwambia shemeji aache kuendesha. Ndiye aliyenifundisha, kwa gari hilo hilo.

Nitakuja Jumapili ya tarehe 9.

Mjomba wako,
Kyengo

Gatuanyaga,
21 Februari 2025

Mpendwa Mjomba,

Hujambo, na Anti pia? Sisi tunashukuru Mungu.

Siku uliyokuja uliona mwenyewe: Baba hakukujua mpaka uliposema hodi. Uliposikia ile "tak" ukamwambia, "Shemeji, stata imeungua," hukudanganya, lakini mimi niliona haya kama umedanganya.

Jumanne tulienda kliniki. Macho yangu ni mazima. Ya Baba, daktari aliyaangalia muda mrefu. Ni presha ya macho. Matone yatalinda kilichobaki, kilichopotea hakirudi. Baba akamshukuru. Tulipofika nje akasema, "Mwaitu, yule daktari ni kijana sana." Chupa ya matone haijafunguliwa.

Tangu uifungue stata ukaondoka nayo, kila Jumamosi Baba anamuuliza Nelima habari zake kabla hajatua kikapu. Mjomba, ukishaitengeneza itakuwaje? Nijibu haraka.

Mpwa wako,
Mwelu

Gatuanyaga,
14 Machi 2025

Mpendwa Mjomba,

Natumaini ni kazi tu iliyokuzuia kujibu, si ugonjwa. Sikulaumu. Labda nawe hujui la kusema.

Jana Baba aliniita kwenye gari. "Njoo nikufundishe upande wa moto. Stata ikirudi tusipoteze siku." Alinishikisha waya za plagi moja moja, akinitajia mpangilio: moja, tatu, nne, mbili. Hakuhitaji kuona. Halafu mkono wake ukafika kwenye distributa.

"Baba, hapo Mjomba alishaangalia."

"Kyengo nilimfundisha mimi," akasema, akafungua klipu.

Aliingiza vidole viwili. Vikazunguka mahali pale patupu, vikazunguka tena.

Akarudisha kifuniko, akabana klipu zote mbili.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya Aoko."

"Aoko amefanya nini?"

"Lile gunia, Baba."

Aliketi kwenye bampa akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, mpaka ikawa safi, na bado akaendelea kufuta. Kisha akauliza iko wapi. Nikamletea soksi. Hakuifungua. Aliipapasa kwa nje, akanirudishia. "Weka pale pale ulipoiweka."

Wakati huo Gachanja akapita na pikipiki yake, akamtania Baba. "Muthoka! Kuku wameshaanza kutaga humo ndani?"

Baba aligeuza uso kuelekea sauti, akacheka. "Ngoja stata irudi kutoka Ruiru, utakula vumbi! Shemeji anatafuta spea. Unajua hizi gari za zamani."

Gachanja alipoondoka, Baba aliinua uso juu, akaniambia nilete matone. Tone la kwanza likamwangukia shavuni. Hakupangusa.

Kwa hivyo usirudishe stata, hata kama iko tayari. Mtu yeyote wa huku akikuuliza, Nelima, watu wa kanisa, hata Mama ingawa nadhani anajua, sema spea bado haijapatikana. Usitaje macho. Na Baba asijue kwamba nimekuandikia haya. Tafadhali, Mjomba, isitoke kwako.

Mpwa wako,
Mwelu