Amepumzika Rukuba

Ijumaa, 24 Januari 1986. Butiama.

Bado naisikia. Ta-ta-ta, kama mvua ya mawe juu ya debe, nyuma ya sauti ya Dada Rebeka kwenye simu ya posta Jumamosi. Nilimuuliza ni nini. Akasema jirani anapiga bati. Dada hajui kudanganya. Kampala hakuna anayeezeka nyumba mwezi huu.

Nimesahihisha madaftari ya darasa la sita. Jibu sahihi nimelipatia sifuri. Nimerudia yote.

Jumapili, 26 Januari. Nyumbani, Kigera.

Redio imesema Kampala imetekwa. Wapiganaji wa msituni wameingia, serikali imekimbia. Kanisani watu walinipa mkono kana kwamba nimefaulu mtihani. "Vita imeisha, Mwalimu!" Imeisha kwa nani? Askari walioshindwa wanapora njiani, na Dada na mumewe wanakaa kwenye njia hiyo.

Mama hajala. Nawachukia wanaoshangilia.

Jumatano, 29 Januari.

Sikurudi shule. Asubuhi mashua ya dagaa ilileta kikaratasi kutoka kisiwani, kimeandikwa na mvuvi aitwaye Magesa. "Dada yenu amepumzika hapa Rukuba. Mje kumchukua."

Mama hajui kusoma. Nilikisoma kimya mara mbili, kisha nikasema, "Mama, Rebeka hatunaye." Kwa mdomo wangu. Mama alianguka pale mlangoni.

Baba amezunguka mji mzima kutafuta mbao za jeneza. Shangazi amefika kutoka Bunda na shuka nyeupe. Sijalia. Nina hasira tu.

Alhamisi, 30 Januari.

Yuko hai. Yuko hai.

Tulifika Rukuba saa nne. Baba, Shangazi, mimi, mbao na shuka. Dada alikuwa amekaa juu ya nyavu, anakula ugali kwa furu, visamaki vya ziwani. Amekonda. Miguu imevimba. Akaziangalia mbao, akaiangalia shuka.

"Sanda mmeipata. Sabuni je? Wiki nzima naoga maji matupu."

Shangazi alipiga yowe, akakimbilia ziwani na viatu vyake. Nilicheka mpaka nikatapika.

Mume wa Dada alimpakia kwenye mtumbwi wa wavuvi karibu na Entebbe, akarudi kwa mama yake mgonjwa. Kisiwa hadi kisiwa, siku tano. Dada alifika hoi, akalala mchana kutwa. Magesa akaandika alichokiona.

Baba alimfokea. Magesa alishangaa kweli. "Mzee, si alikuwa amechoka? Sisi tunasemaga amepumzika. Angekufa ningeandika amekufa."

Hana kosa. Kosa ni langu. Nimesoma matangazo mengi ya vifo hata neno la kawaida likanipotea.

Mbao tumemwachia. Mashua yake inavuja.

Jumapili, 2 Februari.

Shangazi alitaka mbuzi achinjwe kabla Dada hajaingia ndani, maana tumeshamlilia kama mfu. Baba, mlokole, akakataa. Wakabishana uani. Mama akamshika Dada mkono, akampitisha mlango wa jikoni, ikaisha.

Tunalala kitanda kimoja. Anakoroma. Akorome tu.

Jumamosi, 15 Februari.

Jumatano ililetwa barua ya shemeji. Ni mzima. Nyumba imesimama, maduka yamefunguliwa, wapiganaji hawagusi mali ya mtu. Mama yake amefariki. Mwishoni ameandika, "Njoo."

Baba alikataa. "Amekufa mara moja, inatosha." Dada hakubishana. Amekuwa akikunja nguo zake na kuzikunjua tena, siku tatu.

Mimi pia nilitaka abaki. Pengine kuliko Baba.

Leo asubuhi, Baba akiwa shambani, nimembebea Dada mzigo hadi mwaloni, mashua zinapopakia. Mama alijua, alimfungia viazi. Mashua ya wachuuzi wa samaki imeondoka saa mbili, ziwa limetulia. Nimesimama mpaka sikuiona tena.

Baba alirudi saa saba. Nimemwambia kabla hajakaa. Ameomba maji ya kunawa, nikampa.