Adrien Hakukuwa Jambazi

Bunia, tarehe 9 mwezi wa pili 2024

Papa mukwe,

Nakusalimia weye na Mama Aimée. Sijui namna ya kuuliza habari ya afya wiki kama hii, lakini nauliza: munakula? Munalala kidogo? Huku batoto wako wazima wa mwili. Aimée mudogo, mwenye kubeba jina ya Mama, haongei, dada yake analia kwa wote wawili.

Yannick, rafiki ya Adrien mwenye kubeba watu kwa moto yake, ile pikipiki, njo anakuletea barua hii. Kwa simu alikuambia tu kwamba Adrien amekufa. Mengine sikutaka yapite kwa simu, juu simu ya mume wangu iko mu mikono ya polisi mpaka leo.

Mardi, tarehe 6, saa sita ya muchana, Adrien alikuwa anatoka kuweka panneau ya umeme ya jua kwa nyumba ya dawa, njia ya Bogoro. Kwa barrière, kizuizi cha njia, polisi moja mwenye cheo ya adjudant, jina yake Orly, akamuomba simu. Adrien akamujibu: «Chef, carte yangu ya kitambulisho ni hii. Simu ni ya nini?» Yule akaivuta kwa nguvu. Adrien akasema atamushitaki kwa mukubwa wake, akageuka, akaanza kusukuma moto yake. Risasi mbili, mugongoni. Papa, mugongoni.

Kesho yake redio ikasema polisi wameangusha jambazi mwenye silaha.

Sasa morgue inakataa kutupatia maiti mpaka jamaa itie sahihi kwa karatasi. Karatasi inasema Adrien alikuwa na pistolet, yeye njo alianza, na siye hatutashitaki mutu. Nilikataa. Commandant wao akanicheka: «Mama, weye ni bibi yake tu. Sahihi ya baba yake inatosha.»

Wanakuja kwako Marabo, Papa. Nakupigia magoti: usitie.

Mukwe wako,
Bernadette


Marabo, tarehe 11 mwezi wa pili 2024

Kwa Bernadette, bibi ya mutoto wangu,

Salamu yako ilifika. Mwili wangu ni muzima. Mama Aimée anakunywa maji tu. Anaketi mulangoni na kutazama barabara, sawa vile Adrien angali njiani.

Walikuja jana na jeep, watu wawili, commandant mwenyewe mbele. Walivua kofia. Walisema pole vizuri kabisa. Wakatoa karatasi. Niliwaambia warudi jeudi, tarehe 15, sababu miwani yangu ilikuwa shambani. Haikuwa shambani. Ilikuwa mufukoni.

Sasa nisikilize. Jeudi nitatia sahihi. Nilifundisha shule miaka thelathini na mbili, naijua serikali hii. Unapeleka kesi, wanaandika jina yako, wanapiga tampon, ule muhuri wao, wanakuambia rudi, rudi tena, mpaka viatu vinaisha. Huko Gety, huko Bogoro, watu wangapi walikufa na watu wangapi waliandika majina? Ni nani alihukumiwa?

Leo ni siku ya tano mutoto wangu analala mu frigo ya morgue, kati ya watu asiowajua. Weye unataka kesi. Miye nataka mutoto wangu. Weye ungali kijana, utaolewa tena. Siye hatuna Adrien mwengine.

Papa mukwe wako,
Hippolyte


Bunia, tarehe 13 mwezi wa pili 2024

Papa mukwe,

Salamu kwako, na kwa Mama salamu mara mbili. Umuambie ajikaze, hata uji.

Ile neno ya kuolewa sitaijibu. Uliiandika na uchungu, nimeiweka pembeni.

Lakini soma karatasi, Papa. Usome mustari wa ine, ule wa kusema yeye njo alianza. Hawatuombi ruhusa ya kuzika. Wanatuomba tuseme kwamba alistahili kufa. Jana mwalimu alimurudisha Aimée mudogo nyumbani juu alipiga mwenzake mwenye alimuita mutoto ya jambazi. Iko na miaka tisa. Karatasi ikitoka na jina yako chini, nitamuambia nini? Kwamba babu yake alikubali?

Tena hatuko peke yetu. Nimepata avocate, wakili wetu, Maître Régine. Amepeleka plainte, mashitaka yetu, kwa auditorat, pale wanafuata kesi za askari na za polisi. Wanaweza kuamuru daktari apime maiti, aandike risasi ziliingia upande gani. Lakini sahihi yako ikifika mbele, kesi imekufa. Na Bijou, mama mwenye kupika mandazi pale kwa barrière, aliona yote. Amesema atasema.

Tangu samedi, tarehe 10, siye wamama wa chorale ya kanisa na wa soko tunaketi chini mbele ya morgue. Tumeweka picha ya Adrien na sanduku ya vyombo vyake: koleo, bisibisi, nyaya. Polisi wakaja kutufukuza. Mama moja akawauliza: «Munataka kutuua na siye? Kisha mutasema tulikuwa na silaha gani, vitabu vya nyimbo?» Wakaondoka.

Papa, ukitia sahihi, nitakuja kuzika mume wangu na heshima yote. Nitakupikia, nitakuinamia. Lakini pale kwa kaburi nitasimama mbele ya Marabo yote, nitasema mustari wa ine ni uongo, na nitasema jina ya nani iko chini yake.

Mukwe wako,
Bernadette


Marabo, tarehe 15 mwezi wa pili 2024

Kwa mutoto wangu Bernadette,

Habari ya huko? Batoto wamelala vizuri? Hapa Mama amekunywa uji leo, bakuli nzima, na nitakuambia sababu.

Walirudi asubuhi. Niliwapa viti. Nilivaa miwani na nikasoma karatasi mara mbili, polepole, na commandant akitazama saa yake.

Nikamuuliza: «Silaha ya aina gani?»

«Pistolet, Muzee.»

«Numéro yake?»

«Iko kwa dossier.»

«Mutoto wangu aliitoa wapi, mufukoni ao mu sanduku ya vyombo?»

Akatazama mwenzake. «Muzee, tia tu hapa chini. Leo hii mutapata maiti.»

Nikaingia ndani, nikachukua kalamu nyekundu, ile ya kusahihishia dictée za wanafunzi. Nikakata neno «jambazi», nikaandika juu yake «fundi». Nikakata mustari wa ine wote, mwanzo mpaka mwisho. Pembeni nikaandika: Uongo. Nikamurudishia karatasi yake. Nikasema: «Mulikuja kutafuta sahihi. Miye naweza kuwapa masahihisho tu.»

Alisimama na hasira mpaka kiti kikaanguka. «Basi atabaki kule mpaka aoze!»

Njo Mama Aimée akaongea, mara ya kwanza tangu mardi ile. Hakuinuka pale mulangoni. Alisema: «Atabaki. Na weye kila asubuhi utajua kama tuko hapa tunangojea.» Walipaswa kumuruka ili watoke.

Sasa ni zamu yangu kukuambia kitu chenye Adrien mwenyewe hakujua. Mudogo wangu Baudouin, mwenye tulisema aligongwa na lori, hakugongwa na lori. Watu wenye uniforme walimupiga risasi. Nilikuwa na miaka makumi mbili na tano. Waliniletea karatasi, na walivua kofia vilevile. Nilitia sahihi. Nilifikiri ninalinda jamaa. Mama yangu aliishi miaka kumi na mbili nyuma ya ile siku na hakutaja lori hata mara moja.

Unisamehe ile neno yangu. Endelea na kesi. Nitangoja mutoto wangu.

Papa yako,
Hippolyte


Bunia, tarehe 21 mwezi wa tisa 2024

Papa,

Salamu mingi. Mugulu wako unaendelea namna gani? Mama angali anaweka maua pale kwa kaburi? Tangu ile siku ya mazishi, wakati auditorat iliamuru morgue itupatie maiti bila sahihi, sikupata nafasi ya kupanda tena Marabo, na wiki hii njia ilifungwa, watu wote walisema ubaki. Kwa hiyo nitakuonyesha kesi na barua.

Salle ya kesi ilijaa mpaka kwa madirisha. Orly alisimama na uniforme yake imepigwa pasi. Akasema: «Alinigeukia na silaha.» Maître Régine akainua karatasi ya daktari, ile yenye ilituchukulia siku kumi na tisa za kuketi chini. Akamuuliza: «Alikugeukia na mugongo?» Watu wakacheka, jaji akagonga meza. Miye sikucheka.

Kisha wakaleta pistolet. Ilikuwa na kutu mpaka mudomoni. Maître akaomba wasome tarehe yenye polisi waliandika kwamba wameiokota. Ilikuwa jeudi. Adrien alikufa mardi. Jaji akamuuliza Orly: «Kwa siku mbili hii silaha ilikuwa wapi?» Akanyamaza. Maître akasema: «Iandikwe kwamba amenyamaza.» Wakaandika.

Nyuma yake wakaita Bijou. Papa, Bijou ni mufupi, wakamuletea kiti asimame juu yake ili salle imuone. Alisema yote: simu, carte, Adrien kugeuka, moto kuanguka. «Nilikuwa nageuza mandazi. Yakaungua yote, sikuyatoa.»

Jaji akamuuliza: «Unamuogopa mutu huyu?»

«Namuogopa, Monsieur le Président. Anajua fasi napikia. Lakini ile siku nilikuwa na macho, na leo ningali nayo.»

Jana wametoa hukumu: quinze ans, miaka kumi na tano. Na wamesoma kwa sauti, mbele ya redio ileile, kwamba Adrien hakukuwa jambazi na hakukuwa na silaha. Nilimuinua Aimée mudogo juu asikie vizuri.

Watu walipiga mikono. Miye nilikuwa natazama kiti yenye haikukaliwa na mutu. Commandant mwenye kuleta karatasi Marabo, hakuna mwenye alimuita. Maître amemuandikia plainte yake pia. Tuliikataa karatasi yao, tutawaletea zetu.

Mutoto wako,
Bernadette


Marabo, tarehe 3 mwezi wa kumi na moja 2024

Kwa mutoto wangu Bernadette,

Salamu. Mugulu unauma, kichwa kinauma zaidi.

Yannick ameniambia jambo nikamukatalia. Anasema kila samedi unapika sombe ya majani ya muhogo na bugali, unapeleka gerezani, unamupa Orly. Mama amesikia, amelia. Ni kweli? Unalisha mutu mwenye alitoboa mugongo wa mutoto wetu? Kama ni mahubiri ya kanisa, uwaambie wahubiri kwanza kwa commandant.

Nieleze nielewe.

Papa yako,
Hippolyte


Bunia, tarehe 5 mwezi wa kumi na moja 2024

Papa,

Nakusalimia, na Mama nampigia magoti. Aache kulia. Haiko huruma.

Maître Régine aliniambia kitu siku ya hukumu, tungali kwa ngazi. Alisema: «Bernadette, polisi mwenye amehukumiwa, wakubwa wake wanamusahau kwa mulango ya mbele na wanamutoa kwa mulango ya nyuma.» Kuna jamaa moja hapa, muuaji wa mutoto wao walimukuta mu muji mwingine, amevaa uniforme, anaomba watu carte.

Sasa, gerezani, ukileta chakula, mulinzi anapaswa kumuita mufungwa kwa jina, na mufungwa anakuja mwenyewe kupokea. Hakuna njia ingine ya kumuona. Basi napika. Mara ya kwanza Orly alinitambua, akarudi nyuma, akasema hakuli. Nilimujibu: «Kula ao uache. Miye nimekwisha kuona uso wako.» Sasa anachukua na haniangalii. Mulinzi anafikiri miye ni mulokole.

Mwalimu anaita majina kila asubuhi, Papa, weye unajua juu ya nini. Miye naita jina moja, kila samedi. Nitaita miaka kumi na tano.

Mutoto wako,
Bernadette


Bunia, tarehe 20 mwezi wa kwanza 2025

Papa,

Salamu ya haraka, Yannick ananingoja na moteri inawaka. Siye wazima.

Samedi waliita jina ya Orly mara tatu na hakuna mutu alikuja. Mulinzi akasema amepelekwa hospitali. Nikaenda hospitali na sufuria yangu: hawamujui. Nikaenda auditorat, wakasema ni weekend, nirudi lundi. Nikaketi mu mulango na sufuria juu ya mapaja. Nikatuma habari kwa wamama. Saa nane tulikuwa watu makumi ine. Saa kumi, auditeur mwenyewe, mukubwa wa pale, akafika, akaniuliza nataka nini. Nikasema: «Nimeleta chakula ya mufungwa wenu na nyinyi hamujui fasi iko.» Akashika simu mbele yetu.

Jana walimukamata mu lori yenye kwenda mupaka ya Uganda, na carte yenye jina ingine. Wanasema wamemurudisha ndani. Wanasema. Miye sijamuona.

Na leo kwa gereza wameweka jina yangu kwa mulango: mama huyu asiingie tena. Asubuhi watu wawili wenye hatuwajui waliuliza habari ya batoto wangu kwa shule. Maître anataka nitoke Bunia wiki mbili. Vendredi, tarehe 24, tutafika kwako miye na batoto.

Nisikusumbue na woga, woga ni kidogo. Shida ni moja. Samedi, Papa, nani atamuita?

Mutoto wako,
Bernadette


Bunia, tarehe 25 mwezi wa kwanza 2025

Kwa binti yangu Bernadette, pale nyumbani Marabo,

Nakusalimia kutoka kwa nyumba yako. Nilifika salama na Yannick. Mulipitana na siye njiani, karibu na mutelemuko, batoto walinipungia mikono. Mama amefurahi kuwapata? Usimuache Aimée mudogo apande juu ya paa ya jikoni, bati ni ya zamani.

Nilipika mwenyewe. Sombe ilikubali, bugali iliungua chini. Gerezani mulinzi aliniuliza: «Muzee, weye ni nani ya mufungwa?»

Nikamujibu: «Miye ni baba ya fundi mwenye yeye aliua. Umuite.»

Alifungua daftari ya majina. Kisha akaita.

Orly alikuja. Ni kijana kuliko nilivyofikiri, na amekonda. Hakunijua, akanyoosha mikono miwili kupokea, sawa vile tunafundisha batoto. Nikamuambia jina yangu. Mikono ikabaki pale juu. Sikumusalimia, sikumulaani. Nilimutazama mpaka akashusha macho, na nikamutazama tena.

Mulinzi akasema inatosha. Nikamuambia samedi ijayo niko hapa, na ile ya nyuma yake, na nikichoka iko wengine nyuma yangu.

Nimemuona, Bernadette. Iko ndani.

Papa yako,
Hippolyte